Aliyetuma Ujumbe wa Kivukoni

Gorong'a,
Tarime, Mara.
4 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Danford,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Durban, wewe na mkeo Jesca, na kwamba kikohozi cha mtoto kimeisha. Mimi si mzima. Miguu imevimba mpaka magotini, na muuguzi wetu Happy ameacha kunidanganya. Jana alinipima, akafunga mfuko wake, akaniuliza kama kuna ndugu ningependa kumwandikia.

Mvua imenyesha vizuri, lakini mahindi ya bondeni yamefyekwa yote yakiwa mabichi, kwa ule ugomvi wa mpaka na jirani zetu. Kijana mmoja amepoteza jicho kwa mshale. Wanaume wanalima panga likiwa kiunoni.

Mdogo wako Wegesa amenisomea ujumbe wako. Unasema unakuja Desemba, na kwamba Marwa hataiona Krismasi. Najua pia kuna vijana hapa waliokuahidi kumshika miguu. Kabla hujakata tiketi, soma barua hii mpaka mwisho. Marwa hakumuua ndugu yako Gidion. Ujumbe uliomuua niliutuma mimi.

Unakumbuka vile vitabu vinne ulivyoniletea nilipostaafu, vya usalama wa kompyuta na habari za wadukuzi. Ulisema mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote atavipenda kuliko hadithi, na ulisema kweli. Nilivisoma kamusi ikiwa mapajani. Niliwapenda wale vijana wanaoingia kwenye mitambo ya wakubwa bila kuvunja kitu, wakaacha utani wao, wakatoka. Niliamini kama wao kwamba kila kufuli hudhaniwa imara mpaka mtu alifungue mbele za watu. Palikuwa na sura nyingine iliyosema mwambie kwanza mwenye mlango, mkiwa wawili, umpe muda atengeneze. Hiyo niliipitia haraka.

Mwaka jana kijiji kilipata mtambo wa kuwaita sungusungu, walinzi wetu wa jadi, kwa simu. Ng'ombe wakiibwa, kamanda anaingia kwenye ukurasa wake, anaandika mara moja, na kila mwanaume wa vijiji vitatu anapata ujumbe. Kamanda wetu ni Marwa, na neno la siri alilichagua yeye. Wewe unawajua watu wetu. Mkurya akiambiwa achague neno asiloweza kulisahau, atachagua nini kama si jina la fahali wake? Fahali wa Marwa aliitwa Bunduki. Kila asubuhi alimwita hivyo akimpeleka mtoni, na bonde zima lilisikia.

Nilisimama mkutanoni nikasema neno la siri lisiwe jina la ng'ombe. Marwa akanijibu, "Mwalimu, wezi wa huku hawasomi vitabu vya Kizungu. Wanasoma kwato." Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza kutoka nyuma, "Kwao Bukoba wangeweka jina la ndizi." Wakacheka tena. Nimezeeka nikiwa mke wa ukoo huu, nimewafundisha nusu yao kuhesabu. Nilikaa chini naungua.

Jumamosi iliyofuata, mchana, niliandika Bunduki kwenye simu yangu, na mlango ukafunguka. Nilifurahi, sitakuficha. Nikaandika kwa jina la Marwa kwamba ng'ombe wameibwa, wanavushwa mto Mara pale kivukoni, kimbieni. Nilidhani watakuta maji na mawe, watarudi wakitukana, nami nitawaeleza jinsi mlango ulivyofunguka. Haikuwa siku ya mnada. Niliamini hakuna anayepita na mifugo.

Gidion alikuwa anapita. Alikuwa ametoka ng'ambo, Serengeti, kuchukua ng'ombe wa mahari ya binti yetu Precious. Hakumwambia mtu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari hawatangazwi wasije wakaporwa njiani.

Nilisikia filimbi, kisha mayowe ya wanawake kilima hadi kilima. Waliotangulia kufika walikuwa wa kijiji cha pili, hawakumjua. Alitaja jina la baba yake, na mshale ukamwingia shingoni akiwa bado analitaja. Kisha mapanga. Unajua sheria ya mayowe, kila anayefika apige, ili asipatikane wa kushtakiwa peke yake. Walipiga mpaka walikuwa wanapiga maji mekundu. Marwa alifika mbio, akamtambua, akamlalia kwa mwili wake. Wakampiga na yeye. Hapo ndipo alipopoteza vidole vitatu.

Tulimzika Gidion kama mwizi, kwa kuwa aliuawa kwa mayowe, bila wazee kusema neno. Mimi nililia kwa sauti kuliko wote.

Mtambo ulionyesha jina la Marwa. Aliapa kwamba hakuutuma ujumbe ule, lakini nani angemwamini? Polisi walimshika, wakamwachia kwa dhamana. Nyumba yake ilichomwa na fahali wake akakatwa kwa shoka ndani ya zizi. Tukikutana njiani aliniamkia shikamoo, nami niliitikia marahaba, nikapita.

Juzi nilimwita nikamwambia yote. Kisha akauliza, "Mwalimu, ulitaka nijue nini?" Nikasema, kwamba jina lile lilikuwa rahisi. Akasema, "Ungekuja nyumbani ukaniambia." Akainuka, akaondoka.

Jumamosi hii ritongo, baraza la ukoo, linakaa. Nimeomba nibebwe kwa kitanda niseme mbele yao kwamba Gidion hakuwa mwizi na Marwa hakutuma. Nikifa kabla, Wegesa ana nakala ya barua hii na ataisoma.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba umwache Marwa na watoto wake. Ukishindwa kuizuia hasira yako, njoo mapema. Nyumba yangu haifungwi, na siwezi kukimbia.

Wasalimie Jesca na mtoto. Shangazi yako Sarah anakusalimu, na Precious pia, ambaye hajaolewa. Mungu aushike mkono wako kabla haujafika kwenye panga.

Ni mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda hata kama leo umeacha kunipenda,

Honoratha