Vitabu Havina Miguu

Jumamosi. Mvua imepiga tangu alfajiri, mawe ya mlimani yanang'aa kama vipara.

Wewe Masanja, mwanangu, umepotea mpaka nikadhani umehamia kabisa kwa wafu wako. Hufungui ukurasa huu wa mtandaoni, hupigi simu. Huko Ulaya unawafundisha watoto wa wenyewe maneno ya Wagiriki waliooza zamani, mama yako angali anapumua humsomi. Shule sikuingia, mimi nasema, Neema wa dada yako anabonyeza simu. Wengine mnaopita, someni tu, mwanangu huyu hana siri.

Leo amekuja Nyamizi.

Basi nimerudi miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa huku ziwani na kila mwenye mikono miwili akakimbilia huko. Wewe ukarudi kutoka masomoni na masanduku ya vitabu. Chuo kikakwambia somo lako halina kazi tena, sasa wanataka biashara. Ukakaa kwangu Mirongo, ukaendelea na utafiti wako. Mstari mmoja wa Mgiriki unaukalia juma zima. Nikikuuliza kama ugali umeiva, unaniuliza kuiva ni nini. Nilikulisha mapanki, mifupa inayotupwa na viwanda baada ya kukwangua nyama, nikakwambia yanaongeza akili.

Hayakuongeza.

Tukaenda Buswelu kumposa Nyamizi. Mlipendana, hata sokoni walijua. Siku ya posa mwoaji hafungui mdomo, mshenga ndiye husema. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

Baba mdogo wa Nyamizi, yule wa pikapu ya samaki, akamwuliza mshenga: "Kijana anasoma nini?"

"Vitabu vya watu wa kale, mzee."

"Wako hai?"

"Walishakufa."

"Na wanamlipa?"

Wakacheka mpaka wanawake wa ndani. Mimi nimeng'ata kanga. Ndipo akakugeukia wewe mwenyewe, kinyume cha desturi: "Haya, msomi. Nyumba inaungua. Ndani yupo mke, vipo vitabu vyako. Unaanza kuokoa nini?"

Mwanangu, hata mbuzi angejibu. Swali la hivyo huulizwa ili useme "mke", vigelegele vipigwe, wali uletwe.

Wewe ukafikiri.

Ukafikiri mpaka chai ikapoa. Ukasema, "Inategemea, mzee. Kama mke anaweza kutembea, nitaanza na vitabu. Vitabu havina miguu."

Hapo hakucheka mtu. Ng'ombe wetu hawakuulizwa hata rangi. Nyamizi alikuwa ubavuni kwangu, kajifunika uso, mabega yanatikisika. Kabla ya mavuno akaolewa na mpima samaki wa kiwandani. Wewe ukapanda ndege, na mpaka leo hujaoa.

Nilikuita mjinga njia nzima, na leo narudia. Ila mwingine akikuita hivyo nitampasua.

Sasa Nyamizi ni mjane, amerudi kwao. Kaingia na fimbo, anaburuta mguu. Nikamwuliza, maana mimi sizunguki: "Mguu umeliwa na nini?"

Akasema nyumba yao iliungua kweli. Jiko la mafuta lilipinduka. Mumewe akakimbilia kuokoa gari lililokuwa ubavuni mwa nyumba. "Akanipigia kelele, 'Toka, si una miguu.' Nikatoka mwenyewe, mama. Mmoja ulichelewa."

Halafu akacheka. Akaniambia hata siku ile nyuma ya pazia alikuwa akicheka. "Masanja angalau alifikiri, mama. Yule wangu hakuchukua hata dakika."

 Nimemkaangia sato mzima, nikamtolea miba kwa mkono kama mtoto. Wakati wa kuondoka akauliza kama bado unasoma. Nikamwambia hujui kingine.

Nimemtazama akishuka mawe yale na mvua ile, fimbo ikiteleza. Hakugeuka nyuma.

Masanja. Ulisema inategemea kama anaweza kutembea.

Sasa hawezi.

Ukija, masanduku yaache huko huko. Ukishuka stendi ya Nyegezi usije kwangu kwanza, nenda moja kwa moja Buswelu ukajibu upya. Kufikiri umalizie kwenye basi.