Yungiyungi Nisilolipanda

Hawo, rafiki yangu,

Salamu ya kumuuliza mtu hali siwezi kukuletea tena, basi nianze na habari za huku. Mto umejaa. Maji yamefika kwenye migomba ya chini, na Komora, mume wangu, amekwisha kuhamisha mahindi ya mbegu kwenda mwinukoni. Sisi wenyewe tutafuata kesho. Ndiyo maana nakuandikia leo, kwa zile herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani kwetu Kipini. Najua hukusoma. Lakini nikikusemesha kwa mdomo naogopa utajibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija? Kila kiangazi watu wenu waliteremsha ng'ombe mtoni, nawe asubuhi unafika na kibuyu cha maziwa, mimi nakupa mahindi au ndizi. Hukupiga hodi hata mara moja. Ulichuchumaa pembeni ya jiko, kibuyu chini, mgongo kwetu, mpaka nitoke. Siku moja ulifungua pindo la nguo ukatoa matunguu machache, mfano wa vitunguu maji, bado yana udongo wa mbugani. Nikakuuliza ni ya nini. Ukaniambia kuhusu binti yako Maka, aliyezikwa huko bara, na kwamba kila mvua ikinyesha mayungiyungi mekundu hutoka juu yake, ya mviringo, kama makaa yaliyopulizwa.

"Mimi natembea na ng'ombe," ukasema. "Wewe iko na nyumba, na nyumba hapana tembea. Weka yeye hapa."

Hukusema niweke maua. Ulisema niweke yeye.

Nikayapanda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mkwaju. Tabia zake nilizijua polepole. Ukiyafukia sana hayatoki. Shingo ya tunguu lazima ibaki juu kidogo. Kiangazi hayataki maji, ukiyanywesha yanaoza. Kisha mvua ya kwanza ikipiga, ua linatangulia peke yake, bila jani, kwenye ardhi tupu. Mama mkwe hakuyapenda kwa hilo. Alisema kitu kinachotoka chini bila jani hakijaota, kimeinuka. Wakati ule nilicheka.

Mwaka huu hamkuja. Tulisikia kivukoni Garsen kwamba serikali imefunga njia ya ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa, na watu wenu wamepandisha mifugo upande wa Madogo. Nikasema haidhuru, tutaonana mwakani.

Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi ikapasuka. Asubuhi moja Komora alirudi kuchukua panga alilolisahau, akaniuliza, "Mbona umemwacha Hawo anakaa tu? Mpe mahindi yake aende."

Nikamwambia hujaja. Akasema amekupita sasa hivi pembeni ya jiko, amekusalimu, hukugeuka, akadhani tumegombana. Tukatoka pamoja. Hapakuwa na mtu. Pale ulipozoea kuweka kibuyu palikuwa na ua, jekundu, limefunguka lote, katika udongo mkavu ambao jana yake niliufagia mwenyewe. Na harufu, Hawo. Ule moshi mnaofukizia vibuyu. Komora aliisikia kabla yangu. Unamjua Komora, mtu ambaye hamwogopi mamba mpaka amwone meno. Alinawa uso, akaondoka bila panga.

Haukupita muda mrefu shemeji yako Guyo akavuka mto, akaulizia nyumba yetu. Alisema ulishikwa na homa njiani, ukafa kabla hamjafika Madogo. Walikuzika wakaendelea, maana ng'ombe walikuwa na kiu. Alikuwa hanitazami. Alisema mwishoni ulikuwa ukiuliza njia ya kuja Garsen, nao wakakuambia ni mbali.

"Hapana mbali," ukawajibu.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikitwanga, kwa sababu mchi unafunika sauti.

Habari zilipoenea, mama mkwe akataka yote yang'olewe yatupwe mtoni. Mbuzi wa jirani alikuwa ametafuna tunguu moja akafa akitetemeka, kwa hiyo sikupata wa kunitetea. Komora akachukua jembe. Akaanza na lile la pembeni ya jiko, nami nimesimama mlangoni nimemshika mkono binti yetu Mwanaidi. Alichimba, akainama. Kisha akaniita taratibu, kama tunavyoitana mtoto akiwa amelala.

Mizizi ilikuwa imekumbatia shanga. Shanga ndogo, za buluu na nyeupe, duara la mkono wa mtoto. Ulinisimulia wewe mwenyewe kwamba wanaume walipokwisha kuondoka kaburini ulirudi peke yako ukazifukia shanga za Maka kando yake.

Komora aliweka jembe chini, akaurudisha udongo kwa viganja vyake. Mama yake alimwita mara kadhaa. Akaendelea kuushindilia.

Mimi sikulipanda pale, Hawo. Labda ulilipanda wewe, ukiwa hai, siku niliyokuwa shambani. Nikiamini hivyo napata usingizi. Nikikumbuka mvua zilizopita bila chochote kuota mahali pale, na kwamba ufagio wangu haukupakosa, sipati.

Leo tumeyachimbua yote. Komora ndiye aliyesuka kikapu. Tumeyatia pamoja na udongo wake na shanga ziko katikati, hatukuzifuta. Huko mwinukoni mto haufiki. Kuna mkwaju mwingine, na chini yake udongo laini.

Lakini kuna jambo nataka kukuomba, ndilo lililonishikisha kalamu. Mwanaidi sasa ana umri aliokufa nao Maka. Siku hizi akiamka huenda kukaa pembeni ya jiko, mgongo kwetu. Jana nilimwita, hakugeuka. Nikamwendea, nikamshika bega, lilikuwa la baridi na jua limekwisha kuwaka. Nikamwambia ajiandae, tunahamia nyumba mpya. Akanijibu bila kunitazama:

"Mimi hapana kaa nyumba. Mimi nangoja ng'ombe."

Hakuna nyumbani kwetu asemaye hivyo. Ulipokuwa ukija asubuhi, yeye alikuwa bado amelala; maneno yako hakuwahi kuyasikia.

Sikusemi kwa ubaya. Najua mama aliyelala peke yake njiani hutafuta mkono wa kushika. Maka wako nitamtunza. Nitampanda kwa mkono wangu, shingo juu, kivulini, na kiangazi sitamnywesha. Watu wenu wakiteremka tena nitamwonyesha Guyo mahali pale, wapajue hata mimi nikiwa sipo. Nawe njoo ukipenda, chuchumaa umtazame, hakuna atakayekufukuza. Hiyo ni ahadi, na Komora yuko nami.

Ila huyu ni wangu. Usimfundishe maneno yako. Usimwonyeshe njia.

Lala salama, Hawo, popote walipokulaza. Nasikia mlango. Mwanaidi ametoka. Naweka kalamu niende nikamwite, na nitamwita mpaka ageuke.