Chakula cha Mchana cha Bibi Zuwena

Jumatano, 18 Februari
Nimekunja sambusa tena kutwa, za kugandisha kwenye friza. Kesho Ramadhani. Kwetu Wakatoliki leo Jumatano ya Majivu, ila kanisa liko Maskati na bosi hanipi ruhusa ya kutoka hapa Nizwa, Omani. Nimefunga bila majivu. Miguu imevimba.

Mwanangu Anna kapiga simu kutoka Nairobi. Sura ya mwisho ya tasnifu yake ya uzamili wa teolojia, ile ya kufunga, imerudishwa. Msimamizi anasema imejaa vitabu, haina mtu. Asipoiandika upya kabla ya mwezi kwisha, shahada ameikosa. Anataka nimweleze ninavyofunga huku. Nimesema nitafikiri. Sina nguvu ya kufikiri.

Alhamisi, 19 Februari
Nyumba nzima imefunga. Asiyeruhusiwa ni Bibi Zuwena, mama wa bosi wangu. Ana kisukari, daktari kamkataza. Chakula cha mchana nilichompelekea kakirudisha. Amefunga tangu utoto wake Unguja, leo ale wajukuu wakimtazama? Alasiri akatetemeka, sukari imeshuka. Bosi kanigombeza mimi. Sawa.

Ijumaa, 20 Februari
Niliweka nia: kila Ijumaa ya Kwaresima nifunge mpaka jioni, nipate cha kumwambia Anna.

Wanaume wakiwa msikitini nikampelekea Bibi wali na samaki. Kageukia ukuta.

"Mkristo wafunga, mie nile?"

Nikafunga mlango. Nikakaa chini, nikala tonge la kwanza kwenye sahani yake.

"Una wazimu, Mama Anna," akasema. Kisha akanawa mikono. Tulimaliza sahani.

Nina hasira. Ijumaa ya kwanza tu, imenishinda.

Jumamosi, 21 Februari
Nimemwambia Anna ukweli. Sikufunga, nilikula na Bibi, sina la kukusaidia. Yeye akauliza:

"Mama, samaki gani?"

Changu, nikasema. Akaniomba nianze tena, polepole. Anaandika.

Jumapili, 22 Februari
Nimemwomba Bibi ruhusa aandikwe kwenye tasnifu. Kacheka kwanza. Kauliza kama mwanangu anasomea upadri. Nikamweleza wanawake hawapewi. Kakubali, ila jina lake lisitajwe. Wajukuu wasije wakajua kuwa anakula.

Alhamisi, 26 Februari
Msimamizi kaikubali sura. Anna alilia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni, sambusa zinaungua.

Mchana nilifunga mlango kama kawaida. Bibi alichambua miba kwa vidole vyake, akasogeza samaki upande wangu wa sahani.