Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Marquette, 14 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba barafu imeanza kuwaachia njia huko ziwani. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini kazini anakwenda. Theluji bado imefika kwenye dirisha la kibanda cha sauna.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kwa miaka sita, kila ulipokuwa nyumbani, nilipiga shabaha kwa upande usio wangu. Ndiyo maana nilikuwa nakosa. Mimi si mbovu wa shabaha, Baba. Nilikuwa nakudanganya.

Ilianza Januari ile nilipokuwa na miaka kumi. Meli yako ilikuwa imelazwa bandarini kwa majira ya baridi, ukanipeleka kwenye shimo la kokoto na bunduki ndogo ya rangi ya waridi. Ukaniwekea kitako kwenye bega la kulia, ukasema, "Ukoo wa Kangas wote tunapiga upande huu," na ulikuwa unacheka kwa furaha. Nikakosa kopo mara kumi na tano. Ulikuwa na wiki saba tu za kukaa nasi. Sikutaka kuzitumia kukubishia.

Kiangazi cha mwaka huo huo babu alinitazama nikikosa, akaninyang'anya bunduki. Akaniambia ninyooshe mikono, nitengeneze kitundu kwa viganja, nikitazame kitasa cha mlango wa sauna kwa macho mawili. Halafu nifumbe jicho moja, kisha lingine. Nilipofumba la kushoto, kitasa kikapotea. "Basi," akasema, "mkono wako wa kulia, jicho lako la kushoto. Hamisha bega." Nikahamisha. Kopo la kwanza likaruka. Tangu siku hiyo nilipiga na babu kila kiangazi, kwa bunduki yake, nikipitisha mkono wa kushoto juu ya mtutu kuvuta bolti ya kupakia risasi, iliyo upande wa kulia. Kila Januari ulirudi wewe, na mimi nikarudi kwenye bega lako.

Naandika kwa sababu ya Pasaka. Baba mdogo Lyle alikuja kula na mwanawe Brant, akaondoka na bunduki ya babu. Akamwambia Mama, "Warren kasema Brant aichukue."

"Na Aune?" Mama akauliza.

"Aune ana vitabu. Warren atamnunulia kitu cha bei nafuu, awe anatoboa makopo."

Brant akasema, "Makopo yasiwe na wasiwasi, hatayapata." Wakacheka. Mimi nilikuwa nakata pai, nikaendelea kuikata.

Babu hajamaliza miezi miwili kaburini. Hukuniuliza. Ulipiga simu kwa Lyle, mimi hukunipigia. Nataka umwambie Lyle kwamba ulikosea juu yangu. Bunduki wakitaka wabaki nayo. Neno hilo ndilo ninalotaka.

Binti yako,
Aune


Melini, 27 Aprili

Mwanangu Aune,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo. Barua yako imenifikia Detroit, imepandishwa kwa ndoo kutoka mashua ya posta kama kawaida, na nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma nimesimama.

Unaandika kwa mkono wa kulia. Unakula kwa mkono wa kulia. Ulinivunjia taa ya lori kwa donge la theluji, kwa mkono huo huo wa kulia. Mimi niliye majini miezi kumi ningejuaje habari za jicho? Mtu ananitazama usoni miaka sita akinidanganya, halafu mwenye kosa ni mimi. Na babu yako alijua. Mlikuwa na siri yenu nyuma ya sauna, mimi nikija mnanifanyia maigizo.

Kwa Lyle siendi kusema lolote. Nilichomwambia juu yako ndicho nilichokiona kwa macho yangu. Brant nimempa neno, na neno likishatoka halirudi mdomoni. Kijana anakwenda kambi ya kuwinda kulungu kila Novemba. Wewe hujawahi hata kutaka.

Usifikiri nimekusahau. Tulipopata mtandao nilimpigia Verna Hokkanen wa duka la bunduki. Ana bunduki mpya ya risasi ndogo, inajipakia yenyewe, risasi kumi kwa mara moja, nyepesi, na iko kwenye punguzo, dola mia moja na tisini. Kwa mtu wa kutoboa makopo Jumamosi inatosha na kubaki. Nimemlipa kwa kadi. Nenda na Mama yako mkaichukue. Usianze kuchagua-chagua kama uko maktaba. Mimi nilianza na bunduki mbovu kuliko hiyo na sikumwandikia mtu barua.

Kula vizuri. Msalimie Mama.

Baba yako


Marquette, 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mama amepona kikohozi. Theluji imebaki kivulini tu.

Nilikwenda kwa Verna Jumamosi. Alinipeleka kwenye uwanja wa nyuma nijaribu kabla karatasi hazijasainiwa. Nikaweka kitako begani kwangu, bega langu la kweli. Hiyo bunduki yako inatupa maganda ya risasi upande wa kulia, na upande wa kulia ndipo ulipo uso wangu. Ganda la kwanza lilinipiga kwenye taya. La tatu likaingia kwenye kola, nalo ni la moto, Baba, linatoka ndani ya mtutu. Niliweka bunduki mezani mdomo ukielekea mbele, kama inavyotakiwa, halafu nikaanza kuruka.

Mzee wa meza ya jirani akasema, "Huyu msichana anacheza dansi la polka vizuri."

Verna akanitolea ganda kwa vidole. Akauliza, "Nani alikuchagulia hii?"

"Baba."

"Warren hajui kama mtoto wake ni wa kushoto?"

Akanitazama kama watu walivyonitazama kwenye mazishi ya babu. Sikutaka kutazamwa hivyo kwa ajili yako. Alama iko shingoni, nyekundu, kama harage. Mama ameiona. Nilimwambia ni chuma cha kunyooshea nywele, kwa hiyo sasa nimemdanganya na yeye.

Bunduki nimemwachia Verna. Pesa zitarudi kwenye kadi yako.

Ulisema nisichague. Nimechagua. Nimesoma vitabu viwili na matangazo yote ya bunduki zilizotumika kuanzia hapa hadi Green Bay. Mtu anayepiga shabaha kujifurahisha hahitaji ijipakie yenyewe. Inakula risasi nyingi, anapiga haraka kuliko anavyofikiri, na hajifunzi kitu. Anahitaji bolti ya kuvuta kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine. Anahitaji triga ya kufyatulia isiyokwaruza, na kitako kinachofika begani bila kukunja shingo. Darubini si lazima, vyuma vya kulengea vinatosha. Na mimi nahitaji bolti iwe upande wa kushoto. Hizo ni chache, watengenezaji wengi hawazitengenezi kabisa, na mpya ni ghali.

Verna anayo moja iliyotumika. Ina mkwaruzo mrefu kwenye kitako na mtutu wake ni safi, niliuchungulia kwa tochi. Anataka dola mia mbili na sitini. Nilipoinyanyua, mkono ulikwenda wenyewe kwenye bolti. Sikupitisha mkono juu ya kitu chochote.

Nina pesa zangu za kupanga vitabu maktaba, lakini hazisaidii. Nina miaka kumi na sita. Verna anasema sheria inataka mzazi ainunue mwenyewe, kwa pesa yake, anipe kama zawadi. Mama amesema, "Mambo ya bunduki ni ya Kangas. Mimi karatasi hiyo siisaini." Verna ataiweka hadi katikati ya Juni. Darasa lake la shabaha la kiangazi linaanza tarehe ishirini, na asiye na bunduki yake hapewi meza.

Meli yenu inakuja kupakia madini hapa tarehe kumi na mbili Juni. Kutoka gati hadi kwa Verna ni dakika kumi na tano. Nitakuwa kwenye geti la bandari saa saba mchana na baiskeli. Njoo usaini. Ukitaka kunigombeza, nigombeze njiani.

Aune, binti yako


Melini, 30 Mei

Aune,

Marahaba. Sijambo.

Nilikasirika kwa barua yako, nikasema nitaonyesha kwamba hayo ya macho ni upuuzi. Nikaenda jikoni. Nikanyoosha mikono, nikatengeneza kitundu, nikatazama ndoano ya kikombe. Nikafumba la kushoto.

Ndoano ikapotea.

Mpishi akaniuliza kama namtafuta nzi. Nikarudia mara nne. Nikaenda sitaha nikarudia kwa taa ya mlingoti. Nikaenda mbele kabisa ya meli nikarudia kwa mnara wa taa uliokuwa ufukweni.

Unajua jina langu kambini, umelisikia. Warren Mpiga-Hewa. Aliyelitunga ni babu yako. Kila Novemba tangu nina miaka kumi na miwili, niwepo au niwe majini: "Warren akilenga, kulungu anaendelea kula." Watu wanajishika mbavu, Lyle anadondosha bia. Miaka thelathini na mitatu. Niliwahi kukosa kulungu aliyelala. Mimi nilijua ni woga, nilijua sina moyo wa kazi hiyo, nikaenda majini ambako hakuna anayekuuliza.

Na wewe alikutengenezea kwa dakika moja. Kwa kitasa cha mlango.

Alikuwa na jicho la kuona kwamba mtoto analenga upande usio wake. Kwa nini hakulitumia kwangu? Au alijifunza baadaye? Na kama alijifunza baadaye, alikuwa na miaka sita ya kuniambia, "Warren, njoo hapa, nyoosha mikono." Hakusema. Alikaa kwenye kiti chake akaniacha nikuwekee kitako kwenye bega lisilo lako mbele ya macho yake.

Sitaki kuongea habari za bunduki sasa. Sitaki kuingia kwa Verna. Tarehe kumi na mbili nina zamu ya kufungua mifuniko ya kupakilia. Usinisubiri getini.

Baba


Marquette, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima. Nyanya za Mama zimeshika.

Nilikusubiri getini. Nilifika saa saba kasoro, nikakaa hadi saa kumi. Ulikuwa umesimama sitaha karibu na mfuniko wa tatu, na kofia yako ya rangi ya chungwa. Uliniona, kwa sababu uliacha kazi. Halafu ukageuka ukaendelea. Mlinzi wa geti alinipa nusu ya pasti yake, ile pai ya nyama, akaniuliza ninamngoja nani. Nikamwambia namngoja Warren Kangas. Akasema, "Mpiga-Hewa?" Nikamrudishia pasti yake.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuiandika kwa upole mara tatu, karatasi zote nimezichoma kwenye jiko la sauna. Babu alikukosea. Mimi hilo sikulijua, na sasa ninalijua, na nimemkasirikia hata yeye, ambaye sina pa kumpelekea barua. Lakini babu hakukuzuia kuteremka ngazi ya meli. Ulichofanyiwa wewe kambini ndicho ulichonifanyia mimi getini, na mimi nilikuwa nimekwisha kukuambia ninaumia wapi.

Haya ndiyo niliyofanya baada ya hapo.

Nilimwambia Mama ukweli kuhusu alama ya shingoni. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika funguo za gari. Aliuliza swali moja tu: "Warren alikuona pale getini?" Nikasema ndiyo. Akanipeleka kwa Verna akainunua ile yenye mkwaruzo, kwa pesa yake, akasaini kila karatasi bila kukaa. Nje akaniambia, "Hii ni yako. Nisiione jikoni."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa baba mdogo Lyle peke yangu. Unajua ninavyoona haya kubisha hodi. Nilizunguka kona ile mara mbili. Brant alikuwa uwanjani na bunduki ya babu, akaninyooshea kwa kitako kwanza, bolti wazi, akasema, "Umekuja kuitaka?" Nikasema hapana, ni ya mkono wa kulia, kaa nayo, ipake mafuta. Nikamwambia Lyle ajaribu kitundu cha viganja. Kwake ni jicho la kulia. Nikamwambia kwako ni la kushoto, na kwamba kwa miaka thelathini na mitatu walikuwa wanamcheka mtu kwa kitu ambacho mtu mmoja angekirekebisha kwa dakika moja. Niliyasema yote hadi mwisho. Lyle alianza kutabasamu, kisha akaacha. Akasema, "Mzee alijua?" Nikasema sijui alijua tangu lini. Akakaa kwenye ngazi.

Jana darasa lilianza. Nilipewa meza ya mwisho kushoto. Nilipiga risasi hamsini, moja moja, na nilichelewa kumaliza kuliko wote. Arobaini na tatu ziliingia kwenye duara jeusi. Mzee wa polka alikuja kutazama karatasi yangu, akaondoka bila mzaha.

Baada ya darasa nilimwomba Verna daftari la darasa la majira ya baridi. Lina nafasi nane za wanaoanza, kuanzia wiki ya pili ya Januari, meli zikishalazwa. Nikaandika: Warren Kangas, bega la kushoto, bunduki ya kuazima. Verna akaniuliza kama wewe mwenyewe unajua. Nikamwambia utajua barua ikifika. Akauliza bunduki utaazima kwa nani. Nikasema kwangu.

Kisha nilirudi nyumbani, nikasafisha mtutu, nikaifungia kabatini na risasi mahali pengine, nikakaa kukuandikia. Sasa hivi naipeleka barua posta.

Binti yako,
Aune