Alama za Mkaa Mlangoni kwa Dada Mwanaasha

Jumatatu, 6 Januari 1997

Daftari, unisamehe. Karibu miezi kumi na moja sijakugusa. Si ugonjwa, si safari — aibu tu. Idi ya Ramadhani iliyopita mimi, mwalimu mstaafu na msimamizi wa watazamaji wa mwezi wa msikiti wetu hapa Mbagala, nilitangaza kwamba mwezi umeandama. Watu wakapika pilau. Kumbe niliona nyota ya Zuhura nyuma ya wingu jembamba! Mtaa mzima ukala mchana, siku ile ikabidi kulipwa.

Na jambo ambalo sijamwambia mtu: dada yangu Mwanaasha alinionya jioni ile ile. "Jabiri, hiyo Zuhura. Ipo hapo tangu Rajabu." Nikamwambia arudi jikoni.

Jumanne, 7 Januari

Mjukuu wangu Nusaiba amekuja na gundi, mkasi na picha. Anafundisha sayansi katika shule ya wasichana, Temeke. Shule ikifunguliwa anataka ukuta mzima uwe wa wanawake walioisoma anga. Amenionyesha wanawake wa Kimarekani wa zamani waliozipanga nyota kwa maelfu kutoka kwenye picha za anga zilizopigwa juu ya vioo. Kazi ya subira. Nikaisifu.

"Na Bibi Mwanaasha je, Babu?"

Tukaenda kwake. Nyuma ya mlango wa jiko kuna alama za mkaa: fupi kwa mwezi wa siku ishirini na tisa, ndefu kwa mwezi wa thelathini. Miaka thelathini na mmoja! Nusaiba akataka mlango wenyewe uende shuleni.

"Nikikupa mlango, mbuzi wa jirani Shomari si watakula vitumbua vyangu? Piga picha, mwanangu, uniache nipike."

Alama ya Ramadhani iliyopita ni ndefu. Niliitazama. Dada akanitazama.

Jumatano, 8 Januari

Kikao cha kamati baada ya alasiri. Nimesema yote. Nimeomba dada atazame nasi mwezi wa Ramadhani kesho na neno lake lihesabiwe.

Shomari, naye mjumbe wa kamati: "Kwa hiyo, Mwalimu, kilo tano za mchele wangu ziliteketea kwa sababu ulimkaidi dada yako?"

Wakacheka — nami nikacheka! Mzigo umenishuka. Wamekubali atazame. Kuhusu neno lake, wataona.

Alhamisi, 9 Januari

Tumetoka kutazama. Dada hakukaza hata macho.

"Jana alfajiri niliukuta mwezi mashariki, mwembamba kama ukucha. Ukionekana alfajiri, kesho yake jioni hauonekani. Mlango wangu haujapata kuonyesha kinyume hata mara moja."

Shomari anaapa ameona kitu kama uzi.

"Uzi wa kanzu yako huo, mwanangu. Mwambie mkeo aushone."

Hata imamu alificha tabasamu.

Sasa kamati imo msikitini: kesho tufunge au tusifunge? Mimi na Shomari tumeombwa tukae nje, kwa kuwa tumekwisha kusema yetu. Nimesema namfuata dada. Naandikia barazani kwake, mkabala na msikiti. Sijapata kungoja uamuzi nikiwa na moyo mtulivu namna hii.

Namwona jikoni. Amechukua kipande cha mkaa, amechora alama ya Shaabani — ndefu. Sasa anakoroga unga wa vitumbua vya wateja wa asubuhi. Mlango wa msikiti bado umefungwa. Kamati ikitoa neno, nitaliandika chini ya lake.