Sabuni Isiyotoka Ukutani

Munisagara, Jumapili. Mvua ya kwanza ya masika imepiga tangu alfajiri, na nimefurahi kama niliyepanda mpunga.

Nipo likizo. Jumatatu iliyopita niliteremka stesheni na debe la rangi ya maji niliyoichanganya mwenyewe huko kiwanda cha rangi ninakofanya kazi, tukapaka upya ukuta wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa. Mwaka jana nilileta debe la kwanza, akina mama wakajitolea kupaka. Masika ilipoingia, ukuta ukatoa povu na rangi ikateremka kama uji.

Nikasema wao ndio walizidisha maji.

Sikuwa na hakika. Niliogopa tu kuonekana mtaalamu wa bure. Bi Zaina, mkunga wetu aliyesimamia kazi ile, aligeuka akaenda zake. Tangu hapo shikamoo yangu aliiitikia akitazama pembeni.

Kosa lilikuwa sabuni. Rangi hii ina chembe za plastiki, ndogo hata hadubini yetu haizioni, zinazoelea majini kama maziwa. Sabuni ndiyo huzizuia zisigandamane. Ila sabuni ya kawaida hukaa juu juu tu. Rangi ikikauka, sabuni inabaki humo, na mvua ikija inayeyuka na kuyafungulia maji njia. Safari hii kule kiwandani tulijaribu sabuni inayoungana na chembe wakati ule ule chembe inapoumbwa, vikawa mwili mmoja. Mara mbili mtungi mzima uliganda kama mtindi. Mara ya tatu yakatoka maziwa mepesi yenye ubuluu kwa mbali, dalili kwamba chembe ni ndogo sana. Nilicheka peke yangu maabara.

Mchana huu Bi Zaina alilowesha kitambaa cheusi, akasugua ukuta kwa nguvu zote. Hakikushika hata doa jeupe.

Nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu.

"Kwa hiyo mwaka jana hatukukosea sisi," alisema.

"Hamkukosea, Bi Zaina. Nilikosea mimi."

Alikikamua kitambaa taratibu. Akaniambia nikayaseme hayo kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wale wale niliowalaumu. Kisha akanivuta ndani tunywe chai, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akanitazama usoni.

Mkutano ni Jumanne. Nimeandika maneno yangu mara tatu, na kila mara yanaanza na chembe na sabuni.

Nimeyafuta. Nitaanza na samahani.