Rangi ya Koti la Kuwindia

Mjukuu wangu Mugisha,

Bibi yako hajambo. Kaka yangu Petro tumemzika kibanjani, karibu na mama yetu.

Umeuliza ununue koti gani la kuwindia. Liwe la joto, lisilopitisha maji, na likupendeze. Lakini tazama rangi.

Wakati wa ujamaa tuliwinda nguruwe pori walioharibu shamba la kijiji, kule Ngenge. Petro alivaa koti jipya la kahawia alilonunua Bukoba. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaona kitu cha kahawia kwenye matete, nikalenga. Kikakohoa.

Petro akatoka, akanigawia punje za kahawa tutafune, kama tulivyozoea. Nikazipokea, nikatafuna. Sikumwambia siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Nunua jekundu.

Babu yako